Upasuaji wa tumbo ukienda kombo, kuficha si dawa

Miaka michache iliyopita, mama mmoja mfanyabiashara alikuja kuniona akilalamikia kikohozi. Nilimpima, nikamwandikia dawa, naye akainuka kwenda zake. Alipofika mlangoni alisita, akageuka na kuniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, kuna jambo jingine, lakini naona haya."

Chini ya leso mbili alizojifunga kiunoni palikuwa na kovu refu lililotoka nyonga moja hadi nyingine. Upande wa kushoto tumbo lilikuwa limevimba, na nilipoligusa lilichezacheza kama mfuko wenye maji. Kwenye ncha moja ya kovu ngozi ilikuwa imejikunja na kuchomoza. Mama huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo wiki tano zilizotangulia, na tangu nyuzi zitolewe hakuwa amerudi kwa daktari aliyempasua. Wifi yake alikuwa amemwambia avumilie tu, kwani alijitakia mwenyewe.

Nakiri kwamba neno hilo hilo lilinifika ulimini. Nililimeza. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba "ulijitakia" ni neno lisilofaa kutamkwa mbele ya mgonjwa, awe amepasuliwa kwa sababu ya ugonjwa au ya urembo. Kijana anayevunjika mguu akicheza kandanda naye aliingia uwanjani kwa hiari yake, lakini hakuna daktari anayemwambia akalale na maumivu yake. Kwa nini basi mama aliyezaa watoto watatu, akatamani kurudisha umbo lake, achekwe mambo yanapokwenda kombo?

Yafaa kwanza msomaji aelewe upasuaji huu hufanya nini. Daktari hukata ngozi ya ziada na mafuta yaliyo chini yake, hukaza misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa ujauzito, na mara nyingi hukitafutia kitovu nafasi mpya. Kovu halikwepeki. Isitoshe, huu si upasuaji wa kupunguza uzani. Mafuta yaliyo ndani kabisa, yanayozunguka matumbo, hayaguswi. Mwenye kitambi kilichotokana na mafuta hayo anaweza kutoka hospitalini na kovu refu lakini tumbo likabaki limechomoza. Halikadhalika, anayepata mimba au kunenepa baada ya upasuaji huenda akaona ngozi na misuli ikilegea tena.

Wagonjwa wasioridhika ninaowaona huwa katika makundi matatu, na kosa kubwa ni kuyachanganya.

Kundi la kwanza ni la wale walio hatarini. Ukipata homa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda, ngozi ikianza kuwa nyeusi, kidonda kikiachana, au tumbo likivimba ghafla na kuuma, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukishikwa na maumivu ya kifua na kukosa pumzi, usingoje hata saa moja. Huenda damu imeganda kwenye mshipa wa mguu na kusafiri hadi mapafuni, na hali hiyo huua. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi isipokuwa aliyefanyiwa upasuaji wa urembo.

Majimaji yanayokusanyika chini ya ngozi, kama yale ya mama niliyemtaja, si dharura ya namna hiyo, lakini si ya kupuuzwa pia. Hutokea mara kwa mara baada ya upasuaji huu. Daktari huyavuta kwa sindano, pengine zaidi ya mara moja. Yakiachwa yanaweza kuingia viini au kujijengea mfuko unaohitaji kupasuliwa.

Kundi la pili ni la wale wanaohitaji subira. Uvimbe huchukua wiki nyingi, na mara nyingine miezi kadhaa, kabla ya kutulia. Ganzi chini ya kitovu ni jambo la kawaida na hupungua polepole, ingawa kwa wengine haiishi kabisa. Kovu jipya huwa gumu na lenye rangi kali, na huendelea kubadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Anayejitazama kwenye kioo mwezi wa pili na kukata tamaa anahukumu kesi ambayo bado haijasikizwa. Wengine hukimbilia daktari mwingine na kutaka wapasuliwe upya mara moja. Mpasuaji mwangalifu kwa kawaida atakuambia usubiri miezi sita hadi mwaka, maana ngozi iliyovimba haiwezi kupimwa vizuri, na kidonda kibichi kikikatwa tena huweza kuharibika zaidi.

Kundi la tatu ni la wale wenye kasoro ya kweli. Muda umepita, lakini kovu limepanda upande mmoja, ncha zake zimechomoza, kitovu kimekwenda kando, au ngozi bado imelegea. Mengi ya hayo hurekebishika. Ncha iliyochomoza, kwa mfano, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mdogo wa sindano ya ganzi, na mgonjwa akalala kwake.

Keloidi, yaani kovu linalokua na kuvuka mipaka ya kidonda, lina masharti yake. Watu wenye ngozi nyeusi tuna mwelekeo zaidi wa kulipata, na ukilikata tu bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, pengine likiwa kubwa zaidi. Hutibiwa kwa sindano za dawa zinazodungwa ndani ya kovu lenyewe, pamoja na vibandiko vya silikoni. Krimu za kuchubua ngozi zinazouzwa vichochoroni si tiba.

Basi ufanye nini ikiwa hukuridhika? Rudi kwanza kwa daktari aliyekupasua, hata kama mna kinyongo. Yeye ndiye ajuaye alichokata na alichoshona. Nenda na picha zilizopigwa kabla ya upasuaji na baada yake, kwa maana macho husahau hali ya awali. Andika maswali yako kwenye karatasi. Mwambie kinachokusumbua hasa badala ya kusema tu "sikupendezwa". Uliza ikiwa kasoro hiyo inarekebishika, lini, na gharama ni ya nani. Wapo madaktari wasiodai ada yao kwa marekebisho, lakini malipo ya chumba cha upasuaji na ya dawa ya usingizi yakabaki juu ya mgonjwa. Bima nyingi hazigharamii upasuaji wa urembo, kwa hivyo jambo hili ni afadhali liandikwe hata kabla ya kisu cha kwanza.

Asipokusikiliza, omba nakala ya taarifa ya upasuaji kutoka kwenye faili lako, kisha utafute maoni ya daktari wa pili aliyebobea katika upasuaji wa kurekebisha maumbile. Waliopasuliwa ng'ambo, katika nchi kama India na Uturuki, wasipande ndege kurudi bila taarifa hiyo mkononi. Majina ya madaktari waliosajiliwa yanaweza kukaguliwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo pia hupokea malalamiko. Hata hivyo, tuwe waadilifu. Matokeo yasiyopendeza na uzembe ni mambo mawili tofauti. Daktari hodari anaweza kufanya kila kitu sawasawa na kovu bado likawa baya. Lakini asiyekuwa na ujuzi aliojidai nao, au aliyemtelekeza mgonjwa wake, anastahili kujibu mashtaka.

Hapa sina budi kuwageukia wenzangu. Mwaka 2024, kifo cha mwanamke mmoja baada ya upasuaji wa urembo jijini Nairobi kilizua mjadala mkali nchini. Wengi walimlaumu marehemu. Ningetaka tujiulize maswali mengine. Ni wangapi kati yetu wanaomweleza mgonjwa, kabla hajalipa mamia ya maelfu ya shilingi, kwamba kovu ni la maisha? Ni wangapi wanaomwambia anayetarajia kuzaa tena asubiri, au mvutaji sigara kwamba kidonda chake kina hatari kubwa ya kutopona vyema? Fomu ya idhini iliyotiwa sahihi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa amekwisha kuvua nguo, si mazungumzo. Nasi madaktari wa kawaida, mgonjwa wa namna hii akija kwetu, tusimfukuze arudi alikopasuliwa. Tumpime, tumpigie simu aliyempasua, na tumwandikie barua ya kwenda nayo.

Waume na jamaa nao wana sehemu yao. Mwanamke aliyetumia akiba yake kisha akachukia anachokiona kiooni anaweza kuzama katika huzuni nzito. Kumkejeli hakurudishi fedha wala ngozi. Kama huzuni haimwachi, na apelekwe kwa mshauri au daktari wa maradhi ya akili, maana si kila jeraha hutibiwa kwa kisu.

Yule mama wa kikohozi nilimpigia simu daktari wake mbele yake. Kesho yake alivutwa majimaji, na wiki mbili baadaye akavutwa tena yakakoma. Ncha ya kovu ilirekebishwa baada ya mwaka. Tumbo lake si kama la picha alizokuwa akizitazama magazetini, naye husema hivyo mwenyewe, lakini siku hizi huja kwangu bila kujifunga leso mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ningeongeza kwamba mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu sisi tulimcheka kwanza.