Msimlaumu Mgonjwa, Fungueni Mlango

Kila mara msongamano hospitalini unapozungumzwa, hakosekani mtu wa kusimama na kutoa lawama zile zile: ati wananchi wana tabia mbaya ya kuziruka zahanati, wakakimbilia hospitali kubwa na mafua yao, wakajaza chumba cha dharura na kuwanyima nafasi walio mahututi. Nimezisikia lawama hizi kwenye mikutano ya mtaa, redioni, na hata kutoka kwa wauguzi walio jamaa zangu. Wanaozitoa si watu wabaya. Lakini nasema wamemkamata asiye na hatia.

Kwenye karatasi mpango wetu hapa Tanzania ni mzuri. Chini kabisa ipo zahanati, juu yake kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, na kileleni hospitali ya taifa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati zilijengwa vijijini kwa wingi, na mwaka 2007 serikali ilianzisha mpango ulioahidi zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Homa, kikohozi, kuhara na vidonda vidogo vina tiba huko chini. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa, na dawa mseto ni ile ile, upewe na tabibu wa kijiji au daktari bingwa. Nani basi angependa kulipa nauli na kushinda kwenye foleni kufuata kidonge kilichopo jirani na kwake?

Jibu liko kwenye saa. Zahanati nyingi hufunga alasiri, kama ofisi ya karani, na ugonjwa haufuati saa za kazi. Jirani yangu mmoja alimbeba mwanawe saa tano za usiku, mwili ukichemka kama jiko. Zahanati ya mtaa ilikuwa na kufuli. Alipofika hospitali kubwa, neno la kwanza aliloambiwa dirishani ni kwamba homa si dharura, kwa nini hakuanzia ngazi ya chini? Nilikuwa nimesimama naye, na nilitamani kumwuliza yule mwuliza swali: aanzie kwenye kufuli? Mwenzake, aliyekwenda mchana mlango ukiwa wazi, alipewa karatasi ya kununulia dawa dukani kwa kuwa dawa zilikuwa zimekwisha. Mtu akirudi mikono mitupu mara mbili, mara ya tatu ataruka ngazi, na hiyo ni akili, si ukaidi.

Tena tunamtaka mgonjwa awe daktari wa nafsi yake kabla hajamwona daktari. Maumivu ya kifua yaweza kuwa kiungulia, yaweza kuwa moyo. Homa ya mtoto yaweza kupoa kwa vidonge, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Waliosoma miaka mingi huhitaji vipimo ili kuzitofautisha, nasi tunamtaka mama aliyeshikwa na hofu azitofautishe gizani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kazi ya kuchambua wagonjwa ni ya mwenye mlango. Zaidi ya miaka 200 iliyopita Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, alifundisha kwamba majeruhi atibiwe kwa uzito wa jeraha lake, si kwa cheo chake. Na tusiambiwe kwamba hayo ni ya matajiri. Katika hospitali kuu ya Blantyre, nchini Malawi, mapokezi ya watoto yalipangwa upya mwaka 2001 ili kila mtoto aangaliwe mara anapofika, na aliye taabani atangulie. Vifo vya watoto waliolazwa, vilivyokuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Sisi wenyewe, kitengo kamili cha tiba ya dharura kilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, karibu nusu karne baada ya uhuru. Kama wakubwa walichukua muda huo kukijenga, kwa nini mwananchi akemewe kwa kutojua lini akitumie?

Sisemi kwamba mwananchi hana wajibu. Ndugu msomaji, usijiulize hospitali ipi ina jina. Jiulize unao muda kiasi gani. Mtoto aliyepata degedege, aliyelegea na kukosa fahamu, asiyeweza kunyonya wala kunywa, au anayetapika kila kitu, hana muda. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua hana muda. Saa chache zatosha kumwua. Hali kadhalika anayehema kwa taabu, mwenye kifua kinachobana, na aliyepinda mdomo ghafla na mkono mmoja ukapoteza nguvu. Hao wasingoje asubuhi wala barua ya rufaa. Wapelekwe upesi mahali palipo karibu penye uwezo wa kuwahudumia. Kikohozi cha siku mbili, kidonda cha kusafishwa na dawa ya kila mwezi vyaweza kungoja zahanati ifunguliwe.

Lakini wajibu huo una mwenzake, na mwenzake ndiye asiyetajwa mikutanoni. Walau kituo kimoja katika kila kata kiwe wazi usiku, chenye tabibu, taa na dawa. Na kwenye kila hospitali mgonjwa apokewe kwanza na mwuguzi wa kumtazama machoni na kumhesabia pumzi, kabla ya karani wa kuuliza kadi na pesa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: zahanati iliyofungwa alasiri ndiyo inayoijaza hospitali usiku. Siku mlango mdogo utakapokuwa wazi na rafu zake zina dawa, hapo mkimwona mtu kaleta mafua chumba cha dharura, mkemeeni, nami nitawasaidia. Kabla ya siku hiyo, mwacheni apite.