Sabuni ya Mwalimu wa Mpira

Katika vyumba vya walimu husemwa neno moja ambalo nimelisikia tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka leo, nalo husemwa kwa upole kana kwamba ni sifa: mwalimu mwenye moyo hahitaji kulipwa kwa kuwafundisha wasichana mpira. Msemaji akiwa mtu wa kusoma magazeti, humtaja Pat Summitt wa Tennessee, Marekani, awe shahidi wake. Nataka kumnyang'anya shahidi huyo, maana amemwita mahakamani bila ya kumsikiliza.

Mama huyo alizaliwa mwaka 1952 katika nyumba ya wakulima. Shule ya sekondari ya kwao haikuwa na timu ya wasichana, ikambidi baba yake aihamishe jamaa yote ili binti apate mahali pa kucheza. Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 22, alikabidhiwa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Ujira wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la timu aliliendesha mwenyewe, jezi alizifua mwenyewe, na jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa mwaka uliotangulia kwa fedha za kuuza donati, ambazo ni ndugu wa mandazi yetu. Safari moja timu ililala sakafuni katika ukumbi wa wapinzani wake. Juu ya hayo alikuwa akisomea shahada ya pili na kujiandaa kucheza katika Olimpiki ya mwaka 1976, ambako timu ya taifa lake ilipata nishani ya fedha.

Hapo ndipo wenzangu hufunga kitabu. Husema, tazameni, alifua jezi akawa mkuu! Kana kwamba sabuni ndiyo iliyomtukuza. Ni sawa na mtu aliyemwona mkulima akilima kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili umevunjika, akaenda kuwashauri majirani nao wavunje mikono yao.

Tuendelee kusoma. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria kwamba shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu visimbague mtu katika elimu kwa sababu ni mwanamke au mwanamume, na michezo ikahesabiwa kuwa ni sehemu ya elimu. Sheria hiyo haikupendwa na wote. Wakuu wa michezo ya wanaume walilalamika kwamba fungu lao litaliwa, na NCAA, chama kilichotawala michezo ya vyuo vingi, kiliipinga. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa kikapu kwa wanawake hayakufanyika mpaka mwaka 1982. Lakini fedha zilianza kuja, na pamoja nazo nauli, viwanja, na ada za masomo kwa wasichana wenye kipaji. Mwaka 1987 Tennessee ilitwaa ubingwa wake wa kwanza, na Desemba ya mwaka huo watazamaji zaidi ya 24,000 waliingia uwanjani kuwaona wanawake wakicheza. Naomba mfuatano huo uangaliwe vema, ninyi mnaosoma kitabu hiki darasani, kwa maana kila mwaka mtaambiwa kwamba mchezo wa wasichana hauna watazamaji na kwa hiyo haustahili fedha. Kule fedha zilitangulia, watazamaji wakafuata.

Kwa wapenda hesabu, alifundisha misimu 38, akashinda michezo 1,098 na kushindwa 208, akatwaa ubingwa wa vyuo mara 8; na mwaka 1984 aliiongoza timu ya taifa kupata dhahabu ya Olimpiki. Mimi nalithamini zaidi jambo lingine. Aliwataka wachezaji wake waketi safu za mbele darasani, na aliyekosa somo hakucheza. Kila aliyetimiza muda wake wote wa kuichezea timu yake alipata shahada.

Mwaka 2006 mshahara wake ulipita dola milioni moja kwa mwaka, jambo ambalo hakuna mwalimu wa timu ya wanawake wa vyuo aliyekuwa amelifikia. Je, moyo ulimpoa? Mwaka 2007 alitwaa ubingwa, na mwaka 2008 akautwaa tena. Asemaye kwamba malipo huua moyo na ajibu hilo.

Sikatai kwamba fedha zilileta na dhara lake. Mwaka 1972 timu za wanawake katika vyuo vya Marekani zilifundishwa na wanawake kwa zaidi ya 90 katika kila 100. Kufikia mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43. Kazi ilipokuwa ya kufua jezi ilikuwa ya wanawake. Ilipopata mshahara ikagunduliwa kuwa inamfaa kila mtu. Lakini dawa ya hilo si kuirudisha kazi kwenye umaskini ili wanawake waachiwe.

Mwaka 2011 Summitt alitangaza kwamba ameshikwa na maradhi ya Alzheimer, ambayo humla mtu kumbukumbu. Alifundisha msimu mmoja zaidi, akaacha mwaka 2012, akafariki Juni 2016 akiwa na miaka 64. Aliyemrithi ni mwanamke aliyemfundisha mwenyewe.

Nami nilipoajiriwa, kwa kuwa nilikuwa mwanamke na mgeni, nilikabidhiwa timu ya wasichana kabla sijapewa kiti katika chumba cha walimu. Jumamosi ijayo tunasafiri kwenda kucheza. Niliandika barua kuomba nauli na sabuni, nikajibiwa kwamba shule inajivunia moyo wangu.