Mahafali Yasiwe Talaka ya Kitabu

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu, kila mwaka misikiti yetu hushuhudia furaha ile ile. Kijana aliyeondoka miaka minne au sita nyuma akiwa na sanduku moja hurejea kutoka Madina au Cairo, au hurudi kutoka Morogoro, Tunguu au Mbale, na shahada i mkononi. Husomwa dua, huchinjwa mbuzi, na baada ya sala ya Ijumaa hutambulishwa mbele ya jamaa kuwa huyu sasa ni ustadh wetu. Hilo ni jambo jema, na anayelifurahia hakukosea. Swali letu la mwezi huu ni la siku zinazofuata. Je, kitabu alichokifungua kijana huyu usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho ndicho kitabu chake cha mwisho?

Hatulisemi hili kwa kuwanyooshea wengine kidole. Mwandishi wa tahariri hii ni mmoja wa wahitimu hao, na hapana budi aanze kwa kujisema mwenyewe.

Mwaka wa tatu baada ya kurejea kutoka masomoni, walinijia watu wa familia moja baada ya sala ya Isha. Dada yao alikuwa amefariki, baba yake na babu yake wakiwa wametangulia, naye hakujaaliwa mtoto. Alimwacha mume, mama, ndugu wawili wa mama mmoja, na ndugu watatu wanaume wa baba na mama mmoja. Mali yake ilikuwa nyumba na shamba dogo la minazi. Nikahesabu hapo hapo juu ya mkeka: mume nusu, mama sudusi, ndugu wa mama mmoja thuluthi. Mafungu yakatimia. Wale watatu wa baba na mama mmoja ni asaba, na asaba huchukua kilichobaki, hakikubaki kitu. Nikawaambia: "Nyinyi hamna fungu, na hilo halina khilafu."

Hesabu yangu ilikuwa na msingi. Kosa lilikuwa katika yale maneno manne ya mwisho. Usiku ule nilizungumza kwa simu na mwenzangu tuliyesoma naye darasa moja, naye anafundisha mji mwingine. Nikamsimulia kama jambo la kawaida. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, umeisahau Mushtaraka?"

Nilikuwa nimeisahau. Suala lile lile lilimfikia Umar bin Al-Khattab (R.A.) katika ukhalifa wake, naye alihukumu mara ya kwanza kuwa ndugu wa baba na mama mmoja hawapati, kisha mara ya pili akawashirikisha, kwa kuwa wote wametoka katika tumbo la mama mmoja. Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad walichukua hukumu ya kwanza. Imam Malik na Imam Shafi walichukua ya pili, na kwa hukumu hiyo ndugu wote watano hugawana thuluthi sawa sawa, kila mmoja sehemu moja katika kumi na tano. Madh-hebu ya Shafi ndiyo waliyokulia watu wa pwani yetu tangu zama za mababu. Hata yule anayesema atapima dalili bila kufuata madh-hebu, lazima kwanza ajue kuwa kauli ni mbili. Mimi niliitoa moja nikaifunga na mlango.

La kusikitisha zaidi ni kuwa Rahabiyya, ile matni ya mirathi tuliyosomeshwa chuoni, ina mlango maalumu wa suala hilo. Nilifanyiwa mtihani juu yake nikapata alama nzuri. Kitabu chenyewe nilikiacha huko huko ili mzigo wa ndege upungue.

Nilirejea kwa familia ile kabla ya Ijumaa. Nyumba ilikuwa haijauzwa, alhamdulillah. Nikawaeleza kauli zote mbili pamoja na kosa langu. Mdogo wa wale ndugu watatu hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Ustadh, wangapi wameshagawiwa namna hii?" Sikuwa na jibu.

Ndugu Waislamu, jamaa wa msikitini humwamini mhitimu kwa sababu ya shahada yake. Lakini shahada hueleza alichokijua mtu siku ile alipopewa. Haielezi anachokikumbuka leo. Elimu isiyorejewa hupungua kama maji ya mtungi ulio na ufa, na mwenye mtungi ni wa mwisho kugundua. Allah (S.W.) alimfundisha Mtume wake aombe kuzidishiwa elimu, kama tunavyosoma katika Sura Twaha, naye ndiye aliyekuwa akiteremshiwa Wahyi. Seuze mwalimu wa madrasa aliyemaliza chuo miaka kumi iliyopita!

Kinachotukata na elimu baada ya mahafali ni mambo mawili: tunaacha maktaba, na tunaachana sisi kwa sisi.

Tuanze na maktaba. Wengi hudhani kuwa siku mtu anapokabidhi kitambulisho cha uanafunzi, maktaba ya chuo imefungwa juu yake. Sehemu yake ndiyo iliyofungwa. Majarida na hifadhi za kitaalamu za kwenye mtandao hulipiwa na vyuo kwa mikataba, na aghalabu mikataba hiyo huwataja wanafunzi na wahadhiri pekee. Ndiyo maana neno la siri la mwanafunzi hufa muda mfupi baada ya kuhitimu. Baadhi ya vyuo vya Ulaya na Marekani hununua mikataba inayowajumuisha wahitimu, na aliyesoma huko aulize kabla hajakata tamaa. Aidha, mikataba mingi humruhusu msomaji aliyeingia maktabani kwa miguu yake kusoma katika kompyuta za hapo hapo, hata kama si mwanafunzi. Hilo wengi hatulijui kwa kuwa hatukumuuliza mkutubi.

Mikataba hiyo haigusi vitabu vilivyomo katika rafu. Maktaba nyingi za vyuo vikuu hupokea wasomaji wa nje kwa barua ya utambulisho na ada. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa ichukue wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Ni walimu wangapi wa madrasa za jiji lile wamewahi kupanda ngazi zake? Tunapita nje yake tukienda kwenye shughuli zetu, kisha tunalalamika kuwa marejeo hayapatikani.

Ama vitabu vya Kiarabu, hapa udhuru wetu ni dhaifu mno. Al-Maktaba Ash-Shamila imekusanya maelfu ya vitabu vya tafsiri, hadithi, fiqhi na lugha. Hutolewa bure, na ikishaingizwa katika kompyuta haihitaji mtandao. Lakini mhitimu aitumie kama alivyofundishwa kutumia marejeo. Maandishi yake yamechapwa upya na wanadamu, na makosa ya uchapaji yamo. Basi atafute neno katika Shamila, kisha aufungue ukurasa wenyewe katika nakala iliyopigwa picha kutoka kitabu kilichochapishwa, kama zile zinazopatikana katika Al-Maktaba Al-Waqfiyya, alinganishe juzuu na ukurasa, ndipo aseme "amesema fulani". Asome pia kurasa zilizotangulia na zinazofuata. Kutafuta neno moja na kulinyofoa si kusoma. Lau ningeandika neno "Mushtaraka" usiku ule kabla ya kufungua mdomo, ningeletewa Al-Mughni ya Ibn Qudama, ambaye yeye mwenyewe ni Hanbali, akieleza kauli zote mbili na hoja za kila upande.

Jambo la pili ni kuachana sisi kwa sisi. Jumuiya za wahitimu tunazo. Mara nyingi huhuishwa mtu anapooa, anapofiwa au anapotafuta kazi. Kuchangiana katika harusi na msiba ni wema, na kuonyeshana kazi ya halali ni wema vilevile. Lakini kundi la watu hamsini waliosoma Sharia, lugha na ualimu, ambalo mwaka mzima halijaulizana suala hata moja la elimu, limeiacha amana yake. Mimi sikuokolewa na shahada yangu. Niliokolewa na mwenzangu wa darasani aliyekuwa akisoma bado, na kwa bahati tu nilimpigia simu.

Wala tusidhani chuo kitabaki mahali pake kikitusubiri. Vita vilivyozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 viliwakuta vijana wetu madarasani. Wanafunzi wa Tanzania, Kenya na Uganda walitolewa kwa mabasi na ndege, na wengi waliondoka na nguo walizovaa. Mji uliosomesha vizazi vya Waafrika Mashariki, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ukawa uwanja wa mapigano kwa siku moja. Mhitimu anayehitaji nakala ya matokeo yake, au tasnifu aliyoiandika kwa jasho lake, ana faraja gani kama karatasi zote zilibaki katika kabati la ofisi moja? Atakayemsaidia ni mwenzake aliyehifadhi nakala na anayeweza kutoa ushahidi kuwa walisoma pamoja. Kitabu kilichoko Khartoum peke yake hakisomeki Tanga.

Waliotutangulia hawakuwa na nyenzo hizi, na walitupita. Sheikh Al-Amin bin Ali Al-Mazrui (1891–1947) alisomea Mombasa na Unguja, hakuhitimu Cairo. Hata hivyo alifuatilia jarida la Al-Manar la Sheikh Rashid Ridha lililotolewa huko Misri, akanufaika nalo, kisha akawaandikia watu wake kwa lugha yao, katika Sahifa mwaka 1930 na katika Al-Islah mwaka 1932. Karatasi ile ilivuka bahari mpaka kumfikia. Leo mtu aliyekaa Cairo miaka sita, na ambaye maktaba nzima inaingia katika simu yake, husema hana marejeo.

Tunazijua nyudhuru za kweli. Mwalimu wa madrasa husomesha asubuhi na jioni, ujira wake hautoshi mwezi, na baina ya Maghrib na Isha hugongewa mlango na wenye matatizo ya ndoa. Kwa hivyo jambo hili si la mhitimu peke yake. Jamaa wa msikiti waliochangia nauli yake ya kwenda wana haki ya kudai elimu yake, na wana wajibu wa kuilinda isife.

Kamati za misikiti zianze na machache. Zimlipie mwalimu wao ada ya mwaka ya msomaji wa nje katika maktaba ya chuo kilicho karibu, pamoja na nauli ya siku moja kwa mwezi, na siku hiyo asidaiwe darasa. Zinunue kompyuta moja, hata iliyotumika, iwekwe vitabu na ibaki mali ya wakfu ya msikiti. Na muumini anapouliza suala zito kama la mirathi au talaka, aridhike kuambiwa "nipe siku tatu nikatazame". Jawabu hilo lisihesabiwe ni udhaifu. Tukimcheka mwalimu anayekwenda kutazama, tutabakiwa na wale wasiotazama.

Nawe ndugu mhitimu, fanya yaliyo katika uwezo wako kabla mwezi huu haujaisha. Hifadhi nakala za vyeti na tasnifu yako mahali zaidi ya pamoja. Mwandikie mwalimu wako mmoja aliye hai, umsalimie na umuulize suala moja. Katika kundi la wenzako, pendekezeni suala moja la elimu kila wiki, kila mmoja alete alichokipata pamoja na jina la kitabu, juzuu na ukurasa. Rejea kitabu kimoja ulichofaulia mtihani wake, ukisome tangu mwanzo kama vile hujawahi kukiona. Utashangaa ni mangapi yaliyotoka.

Familia ile imegawana mali yake na, kwa tunavyojua, imeridhika. Swali la yule kijana lingali mbele yangu, na si mbele yangu peke yangu.

Twamuomba Allah (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atusamehe tuliyoyasema bila ya kuyahakiki, na awahifadhi walimu wetu na wenzetu popote walipo. Wabillahi tawfiiq.