Nani atalipia paa la Makumbusho ya Kivu?

Toleo hili lote linahusu makumbusho, na nimeona nianze na yale yaliyo karibu nasi. Hapa Bukavu kuna Makumbusho ya Kivu, kazi ya mapadri Wasaveriani. Ndani yake mna vinyago, sanamu na vyombo vilivyokusanywa na wamisionari katika miaka yao ya kuhudumu jimboni kwetu, vingi vikitoka kwa Walega. Hayakujengwa na serikali. Yanasimama kwa mfuko wa shirika la kitawa na wafadhili wake, na sisi wenye mji tumekuwa wageni tu humo, tena wageni wa nadra. Hoja yangu ni kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea, na kwamba mchango wa kwanza tunaodaiwa si wa fedha.

Wasaveriani wana desturi ndefu katika jambo hili. Guido Maria Conforti alianzisha shirika lao Parma, Italia, mwaka 1895, na kufikia 1901 walikuwa wamekwisha kuanza makumbusho ya sanaa ya China, nchi ambako wamisionari wao wa kwanza walikuwa wakipelekwa. Waliingia Kongo kwa mlango wa Uvira mwaka 1958. Miaka sita tu baadaye, tarehe 28 Novemba 1964, Luigi Carrara na Vittorio Faccin waliuawa Baraka, na siku hiyo hiyo Giovanni Didonè akauawa Fizi pamoja na Albert Joubert, padri mzawa wa Kongo. Agosti 2024 Uvira ilijaa watu waliokuja kushuhudia wanne hao wakitangazwa wenye heri. Nimeyataja haya kwa kuwa nawasikia wasomi wetu wakisema makumbusho yale ni mambo ya Wazungu. Watu waliozikwa katika udongo wetu hawawezi kuitwa wapita njia.

Ila upande wa pili nao lazima usemwe. Mwaka 1948 utawala wa Kibelgiji ulipiga marufuku Bwami, chama kilichoshika maadili, heshima na sanaa ya Walega. Mahubiri ya kanisani, ya madhehebu mbalimbali, nayo yaliwafundisha waumini kuona haya kwa vitu vya baba zao. Vikapu vya chama vikafunguliwa, vitu vikatawanyika. Vingine vilifika kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, vingine vikaingia mikononi mwa madalali na wakusanyaji. Jay Last, mwanafizikia wa Marekani aliyetajirika kwa kutengeneza vifaa vya elektroniki, alikusanya sanaa ya Walega nyingi kiasi kwamba makumbusho ya Fowler, Los Angeles, yaliifanyia maonyesho makubwa mwaka 2001. Bila nyumba hii ya Bukavu, kijana wa Kadutu, hapa mjini, ambaye babu yake alikuwa mtu wa Bwami angehitaji viza ili akione kilichotoka kwao.

Ndiyo maana daftari la makumbusho kama haya lina uzito kuliko kabati zake za vioo. Kila kitu kiandikiwe kilitoka kijiji gani, kwa mkono wa nani, na kwa njia ipi: kilinunuliwa, kilitolewa zawadi, kilisalimishwa siku ya ubatizo, au kiliokotwa baada ya watu kukimbia vita. Makumbusho yanayojibu maswali hayo waziwazi yanaweza kumtazama machoni mjukuu wa mwenye kitu. Palipo na kimya, shaka huingia, hata kama hakuna baya lililofanyika.

Twende sasa kwenye kitu chenyewe. Lukwakongo ni kinyago kidogo cha mbao cha Bwami, uso wake umepakwa udongo mweupe, kidevuni zinaning'inia ndevu ndefu za nyuzi za rafia. Ukikikuta nyuma ya kioo utadhani kilikuwa cha kuvaliwa usoni. Hakikuishia hapo. Mwenye daraja la yananio katika chama alikishika kwa ndevu zake, akakiburura chini, akakitundika kwenye uzio pamoja na vya wenzake, akakifunga mkononi, na kila tendo lilikuja na methali yake, kwa wimbo na mchezo. Kinyago kile kile siku nyingine kilibeba methali nyingine. Juu ya yananio lilikuwapo daraja la kindi, lenye sanamu za pembe za ndovu zilizosuguliwa kwa mafuta mpaka zikapata wekundu na mng'ao. Hakuna aliyepanda peke yake: mke wa mtu wa kindi alikuwa na cheo chake mwenyewe, kanyamwa, na ukoo mzima ulichangia mali ya kupandia.

Mbelgiji Daniel Biebuyck aliyaandika mengi ya hayo katika miaka ya 1950, akiwa mtafiti wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947 na ambayo majengo yake bado yapo Lwiro, njia ya Kavumu. Kitabu chake juu ya utamaduni wa Walega kilitoka mwaka 1973, kwa Kiingereza, huko California. Ni kazi ya heshima kubwa, na inaniuma kwamba mwanafunzi wa Kamituga hawezi kuisoma kwa Kilega wala kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tunapouliza jinsi ya kutunza lukwakongo tunauliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni mbao. Mvua yetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na unyevu ukishaingia ndani, ukungu unafuata. Bungua naye hutoboa kimya kimya; utamjua kwa unga mwembamba unaobaki chini ya sanamu. Njia isiyotumia sumu ni kukifunga kitu ndani ya plastiki na kukiweka kwenye friza kali, nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki moja au mbili. Lakini friza hiyo inataka umeme usiokatika, na sisi tunaokaa jirani na mabwawa ya Ruzizi tunajua umeme wetu ulivyo. Basi jenereta, basi mafuta, basi fundi. Kuna hatari nyingine isiyohitaji mvua wala mdudu: mtu mwenye nia njema na kitambaa chenye maji. Dakika chache zinatosha kuufuta udongo mweupe uliopakwa na mikono ya wazee, na hakuna mtaalamu wa kuurudisha. Pembe nayo ikioshwa kama sahani hupasuka baadaye, na ule wekundu wa mafuta hauonekani tena.

La pili ni maneno, na hapo ndipo tunapopoteza haraka zaidi. Paa likivuja tunaweza kulitengeneza mwaka ujao. Mzee aliyeingizwa yananio akiwa kijana, kabla ya mambo kuvurugika, leo ni mtu wa miaka mingi sana, na akifariki, kinyago kinabaki kipande cha mti chenye ndevu.

Baadhi ya marafiki zangu wanasema dawa ni serikali kuyachukua makumbusho. Siafiki, na mifano ninayo. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa ya Afrika. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali mkusanyo wake, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga iliyotarajiwa kuwa taasisi ya elimu ya Afrika. Taasisi haikuja. Murumbi alifariki mwaka 1990 nyumba ile ikiwa imekwisha kuharibika. Mkusanyo uliokolewa baadaye, sehemu katika jengo la nyaraka za taifa, sehemu katika Nairobi Gallery, kwa jitihada za watu waliokataa kunyamaza, akiwemo Alan Donovan, mwenzake wa zamani. Kwetu Kongo, vitu 114 vilirudishwa Kinshasa kutoka Tervuren kati ya 1976 na 1982. Utawala wa Mobutu ulipoporomoka vingi vikatoweka, na baadhi vilionekana tena sokoni Ulaya.

Leo Ubelgiji ina sheria ya mwaka 2022 ya kurudisha vitu, na imetukabidhi orodha ya vitu kama 84,000. Ni hatua ya haki niliyoingoja kwa muda mrefu. Ila kila ninaposikia mjadala wake nasikia Kinshasa tu, penye makumbusho mapya ya taifa yaliyofunguliwa 2019. Kutoka hapa kwenda Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea. Vitu vya Shabunda na Mwenga vikirudi na kuishia huko, kwa mkulima wa Shabunda vitakuwa mbali karibu sawa na vilivyokuwa Ulaya. Anayetaka virudi Kivu lazima aonyeshe kwamba Kivu ina nyumba ya kuvipokea na watu wa kuvilinda. Mwezi Juni 2004 mji huu uliporwa. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia, maghala ya Shirika la Chakula Duniani yalikombwa. Nyumba ambayo mtaa wake unaijua na kuiona kuwa yake hupata majirani wa kuisemea siku kama hizo. Nyumba ya watawa peke yao huwa na ukuta na mlinzi tu.

Fedha tunaweza kuzitafuta. Shule za Ibanda, Kadutu na Bagira zinaweza kulipa ada ndogo ya mwaka, na kwa ada hiyo kila darasa liingie bure. Wafanyabiashara wanaochangia timu za mpira wanaweza kuchangia mabati na mifereji. Shirika nalo liweke watu wa mji katika kamati yake, wenye haki ya kuona hesabu, maana hakuna atakayechangia asipojua fedha zinakwenda wapi.

Lakini maneno hayangoji kamati. ISP, chuo cha ualimu cha Bukavu, ina wanafunzi wa historia ambao kila mwaka wanatafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, na ina kituo cha utafiti, CERUKI. Mwanafunzi mmoja akabidhiwe kitu kimoja: apewe picha yake, aende Mwenga au Shabunda njia zikiruhusu, na zisiporuhusu awatafute wazee waliokimbilia mjini, awasikilize, aandike methali kwa Kilega na maelezo kwa Kiswahili. Nakala moja ibaki chuoni, ya pili iingie katika daftari la makumbusho, ya tatu irudi kwa mzee aliyesema, ikiwa na jina lake kama akipenda. Kuanzia toleo lijalo jarida hili litatenga kurasa kwa kazi hizo, kitu kimoja kila toleo. Msomaji ambaye nyumbani kwake yupo mtu wa Bwami na ambaye yuko tayari kusema, tafadhali atuandikie, naye mzee ndiye atakayeamua kipi kichapishwe na kipi kibaki ndani ya chama.