MSHIRIKA ASIYEULIZWA

Ndugu wafanya kazi,

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, ndugu zetu na wake zetu wenye vibanda Kibera na Kawangware huitwa ati washirika wa biashara. Ushirika gani huu? Kodi ya kibanda ni yao, floti ni yao, hatari ya majambazi ni yao. Lakini kamisheni hupangwa pasipo wao kuulizwa.

Tusiambiwe haibadiliki. Julai 2014, Mamlaka ya Ushindani ilipoingilia, sharti la wakala kumtumikia Safaricom peke yake liliondoka.

Sisi wa reli twajua: mtu mmoja huomba, wengi hudai. Mawakala, undeni chama! Dai la kwanza liwe hili: kamisheni isiguswe bila mazungumzo.

Umoja ni nguvu.