Umuganura uanze kwa jirani, si kwenye hema la wageni rasmi

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Agosti, Rwanda hupumzika kwa sikukuu ya Umuganura. Jirani yetu kutoka Mombasa au Tanga akiuliza maana yake, jibu analopewa upesi ni "sikukuu ya mavuno". Jibu si baya, lakini Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi: malimbuko. Kuganura ni kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu. Na Kinyarwanda hakiishii hapo. Kuna pia kuganuza, maana yake kumwonjesha mwenzako ambaye shamba lake halikutoa kitu. Kwa maoni yangu, sikukuu yote imo katika kitenzi hicho cha pili, na ndicho tunachoelekea kukisahau.

Tazama jinsi siku yenyewe inavyokwenda katika maeneo mengi. Mahema yanafungwa asubuhi. Viti vya mbele vinawekewa wageni rasmi, na wanakijiji wanakaa nyuma au wanasimama juani. Kaya zimeombwa kuleta kidogo zilichonacho: mtama, viazi, maharage, ndizi, maziwa. Kisha zinaanza hotuba. Mafanikio ya mwaka yanatajwa moja baada ya jingine, barabara, umeme, mifereji, bima ya afya, na mgeni mmoja akimaliza anamkaribisha mwingine. Watoto wanaongojea kupewa maziwa, jambo ambalo ndilo lenye kugusa moyo kuliko yote siku hiyo, wanapata zamu yao jua likiwa limeshapita utosini. Sisemi hotuba zifutwe. Kupima kazi ya mwaka mbele ya wananchi ni jambo jema, na sikukuu ilipofufuliwa kitaifa mwaka 2011 hilo lilikuwa sehemu ya nia yake. Ninachosema ni kwamba saa tatu za hotuba na robo saa ya kugawana chakula ni hesabu iliyopinduliwa.

Ni vizuri kukumbuka kwa nini ilibidi ifufuliwe. Zamani mtama na ulezi wa ibada ya mfalme vililimwa Huro, mahali ambapo leo pako Wilaya ya Gakenke, chini ya uangalizi wa ukoo wa Abatsobe. Mkuu wao, Gashamura, alikuwa miongoni mwa abiru, watunza siri za ufalme. Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji ulimwondoa nchini na kumpeleka uhamishoni Burundi, na Umuganura wa mfalme ukakoma. Wakoloni hawakuwa wajinga. Walielewa kwamba sikukuu inayowakusanya watu wa vilima vyote kwa siku moja, kwa sababu moja, ni nguvu wasiyoweza kuitia mfukoni. Lakini hawakuweza kuifuta katika nyumba. Familia ziliendelea kulimbuka kimyakimya, baba akimega kipande cha kwanza cha umutsima wa mtama, watoto wakifuata. Kwa hiyo kilichoihifadhi sikukuu hii kwa zaidi ya miaka 80 ni meza ya nyumbani. Jukwaa lilikuwa halipo.

Huko Burundi nako kulikuwa na Umuganuro, sikukuu ya mtama yenye ngoma za kifalme, nayo ikakomeshwa enzi hizohizo za Wabelgiji. Ngoma zenyewe zilinusurika, na mwaka 2014 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Jina moja, mtama mmoja, mkoloni mmoja aliyepiga marufuku. Leo Burundi imefunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda tangu Januari 2024. Siingii katika siasa za nani alianza. Nasema tu kwamba ni jambo la kusikitisha kuwa na nchi mbili zinazoweza kulimbuka pamoja, huku jirani wa Bugesera na jirani wa Kirundo hawawezi kupelekeana hata kibuyu cha pombe ya mtama. Tuliona hali ya namna hiyo Gatuna pia, kati yetu na Uganda, tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022. Miaka mitatu ni misimu mingi ya mavuno.

Sasa twende ziwani, kwa sababu huko ndiko hoja yangu inakopata uzito. Rwanda haina bahari, lakini ina mwambao mrefu wa Ziwa Kivu: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke, Rusizi. Ni mwambao wa vijijini, wa watu wanaolima mteremkoni mchana na kuvua usiku. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Wanachovua zaidi ni isambaza, samaki wadogo ambao hawakuwa wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana, na leo kaya nyingi za pande zote mbili za ziwa zinawategemea. Gisenyi tunawaita isambaza, Goma wanawaita sambaza. Ukitaka mfano wa utangamano wa kikanda uliofanikiwa bila mkutano hata mmoja wa mawaziri, ni samaki huyu.

Mvuvi wa Kivu ana shida moja siku ya Umuganura. Kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa wiki kadhaa ili samaki wazaliane. Ni uamuzi sahihi, lakini wiki hizo kaya ya mvuvi asiye na shamba haina cha kulimbuka. Hapo ndipo kuganuza kunapohusika. Mwenye mtama anamwonjesha mwenye nyavu kavu, na miezi ikigeuka, mwenye isambaza anakumbuka mlango aliokula. Haya hayahitaji hema. Yanahitaji mkuu wa umudugudu anayejua nani hakuvuna mwaka huu na kuwapanga watu hivyo.

Mwaka 2023 tulipata kipimo cha jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya udongo katika Mkoa wa Magharibi na sehemu za Kaskazini, na zaidi ya watu 130 walifariki. Rutsiro, Rubavu na Karongi, wilaya za ziwani, zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Mashamba yaliondoka na mteremko. Umuganura ulipofika miezi mitatu baadaye, familia nyingi huko hazikuwa na punje ya kuonja. Kwa familia kama hiyo, hotuba kuhusu ongezeko la uzalishaji wa kitaifa ina faida gani? Kapu la mbegu kutoka kilima cha jirani lina faida mara mia. Na hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya ibada ya kale: mbegu kubarikiwa na kurudishwa ardhini, chakula kikiwa ni nusu tu ya shughuli.

Wenzetu wa bahari wana somo la kutupa, na ndiyo sababu naandika haya kwa Kiswahili. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi Julai hufanyika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi uliokuja na athari za Kiajemi. Kalenda yake ina siku 365 bila siku ya nyongeza. Wanaume wa upande mmoja wa kijiji wanapigana na wa upande wa pili kwa mashina ya migomba, ambayo yanauma kiasi lakini hayaui, na vinyongo vya mwaka mzima vinaishia uwanjani. Kibanda cha makuti kinachomwa moto. Wanawake wanaingia wamevaa nguo zao bora, wakiimba na kutupiana mafumbo. Kisha watu wanakula, na kwa mila ya hapo kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni. Asiye na mgeni siku hiyo amepungukiwa. Fikiria hilo. Mgeni wa Makunduchi haketi mbele kuhutubia. Anaingia ndani kula, na nyumba inamhitaji ili mwaka wake uanze vizuri.

Najua watalii nao wamejaa huko, wenye kamera kubwa, na kuna wazee wa Zanzibar wanaolalamika kwamba vijana siku hizi huja kwa ajili ya muziki wa usiku ufukweni tu. Malalamiko hayo nayaamini. Hata hivyo kijiji bado ndicho mwenye shughuli. Hakuna anayesubiri msafara wa magari ndipo kibanda kichomwe.

Sasa tazama kalenda. Mwaka Kogwa ni Julai. Umuganura ni Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Tarehe 8 Agosti Tanzania ina Nanenane, sikukuu ya wakulima, na viwanja vya Morogoro, Mbeya na Dodoma hujaa mbegu, ng'ombe na matrekta. Wiki tatu hivi, kiangazi, barabara kavu, mazao yako ghalani, shule nyingi ziko likizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuhitaji kubuni msimu wa sherehe, umeshajipanga wenyewe.

Badala yake Jumuiya ilianzisha JAMAFEST, tamasha la sanaa na utamaduni. La kwanza lilifanyika hapa Kigali mwaka 2013, likafuata Nairobi 2015, kisha Dar es Salaam 2019. Sina ugomvi nalo. Wasanii walipata jukwaa na waliokwenda walifurahi. Lakini ni tamasha la miji mikuu, la wajumbe wenye beji, linalongoja bajeti na ratiba za serikali. Mkulima wa Nyamasheke hakulisikia, wala mvuvi wa Makunduchi. Tuna lugha moja ambayo Bunge letu liliifanya rasmi mwaka 2017, tunasafiri kwa kitambulisho hadi Nairobi na Kampala tangu 2014, na bado tunajuana kwa kupitia vikundi vya ngoma vya taifa.

Atatokea wa kusema kwamba wakulima wanahitaji mbolea na soko, sherehe baadaye. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba mkulima wa Rusizi atalijua soko la Mbeya siku atakapokula ugali kwa mkulima wa Mbeya na kumuuliza bei ya gunia. Nanenane ni mahali pazuri pa swali hilo kuliko semina ya hoteli.

Pendekezo langu ni dogo na linaweza kuanza mwaka ujao. Kila wilaya tano za Kivu ichague watu kumi, wavuvi na wakulima, si maofisa. Wapande basi la kawaida kupitia Rusumo, waende Nanenane na mifuko ya mtama na isambaza wakavu, walale katika nyumba za watu. Julai inayofuata waende Makunduchi. Agosti hiyohiyo Wamakunduchi kumi waje Kibuye, kila mmoja apewe nyumba ya kulia chakula cha Umuganura. Gharama ya mahema, spika na mafuta ya misafara ya siku moja ingetosha kulipa sehemu kubwa ya nauli hizo. Na wageni hao wakifika, tafadhali wasipelekwe kwenye viti vya mbele.