Usikubali Fundi Akuzimie Kinga

Mteja akiniomba nizime kinga ya kompyuta yake ili programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi wa leseni, iingie, nakataa, hata kama kazi ataipeleka kwa fundi wa jirani. Nafanya ufundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, na ninachokiona ni kwamba jasusi mara nyingi havunji mlango, tunamfungulia wenyewe.

Programu ya kijasusi haina kelele. Unaandika barua, unatazama filamu, mambo yanakwenda kama kawaida, kumbe kila herufi unayobonyeza inanakiliwa na kutumwa kwa mtu usiyemjua. Na kompyuta ya nyumbani ni ya familia nzima: gemu aliyoipakua kijana usiku inaweza kuiba nenosiri la benki analoandika mama yake asubuhi.

Kinga hulinganisha mafaili na orodha ya programu hasidi zinazojulikana, ndiyo maana orodha hiyo isiposasishwa, jasusi mpya hupita. Vilevile huchunguza mwenendo. Programu inayojipachika ili iwake kila kompyuta inapowashwa, au inayonasa herufi za kibodi kwa siri, inaweza kusimamishwa na kutiwa karantini isifanye kazi tena.

Wateja huniambia hawana hela ya kinga. Kwenye Windows imo tayari, bure. Microsoft iliinunua kampuni ya Giant mwaka 2004 pamoja na programu yake ya kuzuia ujasusi, ikaiendeleza kwa jina la Windows Defender, na tangu Windows 8 ya mwaka 2012 inapambana na virusi pia. Ndiyo hiyohiyo ambayo maelekezo mengi ya kraki yanakutaka uizime kwanza. Anayekupa programu kwa sharti hilo, unamwaminije?

Kama leseni ya Office ni ghali, wekewa LibreOffice: ni bure na ni halali. Kinga nayo ina mpaka wake. Ukiandika nenosiri lako mwenyewe kwenye tovuti ya matapeli, inaweza isikuokoe. Lakini hiyo si sababu ya kuizima.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie afungue Windows Security mbele yako, akuonyeshe kwamba kinga imewashwa na imesasishwa. Akikataa, chukua kompyuta yako uondoke.